Je, Kuna Ubaya Kucheza Mchezo wa Simu?



Jumapili moja baada ya ibada, tulipokuwa tumesimama nje ya kanisa tukisalimiana, kijana mmoja wa kwaya alitufuata na swali. Alisema, "Shikamoo Mwalimu. Mimi sinywi pombe, sichezi kamari, wala sisengenyi watu. Jioni nikitoka kwenye mashine ya kukamua alizeti, najilaza nikicheza mchezo wangu kwenye simu mpaka usingizi unichukue. Mama ananiambia hiyo ni dhambi. Je Mwalimu, nimemkosea nani?"

Tulicheka kidogo, tukamwambia kwamba tutamjibu siku nyingine. Ukweli ni kwamba tuliogopa kumjibu siku ile. Simu ya kupangusa iliyokuwa mfukoni mwetu ilikuwa na mchezo wa namna ile ile, na usiku wa kuamkia Jumapili hiyo tuliucheza mpaka jogoo wa kwanza akawika. Mtu mwenye vumbi miguuni hawezi kumwambia mwenzake akanawe.

Siku nyingi zimepita, na tumelifikiri swali lile tukilima, tukitembea na tukisali. Twaona yafaa tumjibu kijana wetu mbele ya wasomaji wote, kwa maana swali lake si lake peke yake. Leo hapa Mtinko simu hizi zimo nyumba kwa nyumba, kwa kijana wa bodaboda, kwa mama wa genge, na kwa wazee wastaafu kama sisi.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, kwa faida ya wale wenye simu za kitochi. Kioo cha simu kinajaa vitu vidogo vya rangi mbalimbali, mfano wa vito, matunda au peremende, vilivyopangwa kwa safu kama miche ya vitunguu kwenye tuta. Mchezaji anavibadilishana mahali viwili vilivyo jirani, ili vitatu vya rangi moja vikae pamoja. Vikishakaa pamoja vinapasuka, vya juu vinashuka, na vingine vinatokea. Ukimaliza kazi uliyopewa, unapanda hatua ya pili, kisha ya tatu, na kuendelea. Hamna damu wala matusi humo. Mtoto wa darasa la pili aweza kucheza, na bibi yake pia. Mjukuu wetu ndiye aliyetufundisha alipokuja likizo. Alisema, "Babu, ni rahisi tu, panga tatu za rangi moja." Kweli ilikuwa rahisi.

Michezo ya namna hii haikuanza jana. Mwaka 1984, huko Moscow, mtu mmoja jina lake Alexey Pajitnov alitunga mchezo wa kompyuta uitwao Tetris, wa kupanga vipande vinavyoanguka kutoka juu. Wengi wetu tuliingia katika michezo ya simu kwa mlango wa yule nyoka wa simu za Nokia, anayekula na kurefuka mpaka ajigonge mwenyewe. Nyoka huyo alianza na simu ya Nokia 6110 mwaka 1997. Kisha mwaka 2012 ulitokea mchezo wa peremende uitwao Candy Crush Saga, ukaenea duniani kote. Mwaka 2014 huko Uingereza mbunge mmoja alipigwa picha akiucheza ndani ya kikao cha kamati ya Bunge, wakati wenzake wakizungumza habari za pensheni. Picha ikatoka gazetini, naye akaomba radhi. Basi tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa vijana wasio na kazi. Waheshimiwa nao wamo.

Je, mchezo wenyewe ni dhambi? Twasema hapana, na tuna sababu.

Nabii Zekaria, alipotaka kuwaonyesha watu jinsi Yerusalemu utakavyokuwa Mungu akiurudisha, aliwaonyesha wazee wameketi barabarani na mikongojo yao, na watoto wa kiume na wa kike wakicheza katika njia zake. Nabii hakuona aibu kuuweka mchezo ndani ya baraka.

Tena kuna hadithi ya kale aliyoiandika mtawa Kasiano katika karne ya tano, na mwalimu mkuu Tomaso wa Akwino akaisimulia tena katika karne ya kumi na tatu. Yasemwa kwamba mwindaji mmoja alimkuta Mtakatifu Yohana Mwinjili akimpapasa kwale mkononi, akashangaa kuona mtu mkubwa namna ile akipoteza wakati kwa ndege. Yohana akamwuliza kwa nini upinde wake haukuvutwa kamba siku zote. Mwindaji akajibu kwamba upinde ukiachwa umevutwa daima utaharibika, na siku ya kuutumia utakuwa haufai. Yohana akamwambia kuwa ndivyo ilivyo na roho ya mtu. Sisi tuliochunga ng'ombe utotoni katika nchi hii ya Singida twaielewa hadithi hiyo bila mfafanuzi. Kwale twawajua, na pinde tulizichonga wenyewe. Usiku upinde ulilegezwa kamba, ukatundikwa.

Hata Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna awezaye kusema alikuwa mvivu, alikuwa mpenzi wa bao. Aliketi mbele ya ubao wenye mashimo 32 na kete 64, akafikiri, akacheka na wenzake, kisha akarudi kazini. Kwa hiyo mama wa kijana wetu, kwa heshima zote, amekosea aliposema kwamba kucheza ni dhambi.

Hapo tungeweza kuishia. Lakini kuna jambo tulilolifanya sisi wenyewe ambalo halituruhusu kuishia hapo, na yatupasa tuliseme.

Mwenzetu alilala katika Bwana mwaka 2021. Watoto wako mbali, kila mmoja na kazi yake. Mchana si mgumu, kwa maana kuna shamba, kuku, mikutano ya kanisa, na watoto wa jirani wanaokuja kuuliza hesabu. Usiku ndio mrefu. Tulipofundishwa mchezo ule, usiku ukawa mfupi. Tulimshukuru Mungu kwa ajili yake, wala hatusemi uongo.

Jioni moja, yapata saa mbili za usiku, mama mmoja mjane alibisha hodi. Tukamwambia, "Karibu mama, keti hapo, tunamaliza sasa hivi." Akaketi kwenye benchi karibu na mlango. Tulikuwa tumebakiza kidogo kushinda hatua ile. Hatukushinda. Tukajaribu tena. Yule mama akasema habari za mvua, tukaitikia. Akasema habari za alizeti, tukaitikia. Mwishowe akainuka akasema, "Basi Mwalimu, naona una kazi. Nitakuja kesho." Tukamjibu, "Sawa mama, usiku mwema." Tulijibu hivyo bila kuinua macho.

Baada ya siku tatu ndipo tulipopata habari. Shemeji yake alikuwa amekata shauri kumtoa binti wa mama yule shuleni, aliyekuwa kidato cha pili, na kumpeleka Dar es Salaam akafanye kazi za nyumbani kwa jamaa. Shemeji huyo tulimfundisha darasa la nne, naye mpaka leo hulisikia neno letu. Mama alikuja kutuomba tufuatane naye usiku ule ule tukaseme na mzee huyo. Basi la alfajiri lilimchukua binti kabla ya kesho tuliyoahidiana.

Tulipomwendea yule mwanafunzi wetu wa zamani, alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, ungeniambia usiku ule nisingempeleka." Maneno hayo hatujayasahau. Ilituchukua wiki saba za kupiga simu, kubembeleza, na kutafuta nauli, mpaka binti akarudi. Amerudi, twamshukuru Mungu. Lakini muhula ulikwisha kumpita, na wenzake wamemtangulia darasa.

Sasa turudi kwenye swali la kijana wetu. "Nimemkosea nani?" Usiku ule sisi tungeweza kuuliza hivyo hivyo. Tulikuwa nyumbani kwetu, na kazi ya serikali tulikwisha kuimaliza na kukabidhi. Muda ulikuwa wetu, hatukumwibia mwajiri. Simu ilikuwa yetu, na bando tulilinunua kwa fedha yetu ya halali. Mkono wetu haukufanya ovu lolote. Pamoja na hayo, kuna mtoto aliyetoka shuleni.

Yupo atakayesema, "Mwalimu, hiyo ilikuwa bahati mbaya tu. Ungekuwa umelala ingekuwa vile vile." Hapana. Kama tungekuwa tumelala, angebisha tukaamka, tukavaa viatu, tukatoka. Mtu aliyelala huamshwa. Usiku ule tulikuwa macho lakini hatukuwapo. Yule mama alitukuta nyumbani, akaondoka bila kutupata.

Mwingine atasema, "Mbona hata kazi njema humshika mtu? Kama ungekuwa unasoma Biblia, au unasahihisha madaftari, je, usingemwambia angoje?" Neno hili lina uzito. Tumelipima kwa mfano wa Msamaria. Kuhani na Mlawi waliopita upande wa pili, Bwana wetu hakusema walikuwa wanakwenda kwenye mambo maovu. Huenda walikuwa na shughuli za haki kabisa. Ikiwa hata shughuli ya haki yaweza kupasika kusimama kwa ajili ya mtu aliyelala njiani, mchezo utadai haki gani ya kutokusimamishwa? Kweli zipo kazi zisizoweza kukatizwa. Dereva hawezi kuacha usukani, wala mkunga hawezi kumwacha mzazi. Lakini hao hawakatizwi kwa sababu tayari wamemshika jirani mikononi mwao. Mchezaji mikononi mwake ameshika peremende.

Tena liko jambo la ajabu zaidi. Mchezo ule wa simu ungeweza kungoja. Hauna saa inayoukimbiza, na ukiuacha usiku utaukuta asubuhi kama ulivyouacha. Ugali huungua ukiuacha, na maji hufurika, lakini mchezo hauungui wala haufuriki. Hapakuwa na sababu hata moja ya kutoweka simu chini, na bado hatukuiweka. Hapo ndipo tulipoanza kuogopa. Tulitambua kwamba sisi hatukuwa tumeushika mchezo. Mchezo ndio uliokuwa umetushika.

Sisi tuliopita vyuo vya ualimu tulifundishwa Saikolojia ya Elimu, na humo tulisoma habari za mtaalamu wa Marekani aitwaye Skinner na njiwa wake. Yeye na mwenzake Ferster walichapa kitabu kikubwa mwaka 1957 juu ya mambo hayo. Njiwa alidonoa kitufe, akapata chakula. Lakini Skinner aliona kwamba njiwa anayepewa chakula mara baada ya kudonoa mara chache, mara baada ya kudonoa mara nyingi, asijue ni lini, hudonoa kwa bidii kubwa na kwa muda mrefu. Kutojua ndiko kulikomfunga. Tuliandika hayo kwenye daftari, tukafaulu mtihani, tukaenda kuyatumia kwa watoto wa watu. Hatukudhani kwamba miaka zaidi ya 40 baadaye tutakuwa sisi njiwa. Katika mchezo wa peremende, mara nyingine vitatu vikipasuka vinaanguka vingine na kupasuka vyenyewe kwa wingi, pasipo akili ya mchezaji, na simu inashangilia. Lini itatokea tena? Hujui. Basi unadonoa.

Kuna jambo jingine katika Candy Crush Saga ambalo sisi Wakristo yafaa tulitafakari. Mchezaji hupewa "maisha" matano. Akishindwa hatua, hupoteza moja. Yakiisha yote, angoje nusu saa, na maisha moja yatarudi. Asiyetaka kungoja aweza kununua. Watu wengi hawalipi hata senti, bali wale wachache wanaolipa ndio wanaoleta fedha, nazo si kidogo. Mwaka 2016 kampuni ya King iliyotunga mchezo huo ilinunuliwa na kampuni ya Activision Blizzard kwa dola za Marekani kama bilioni 5.9, na mwaka 2023 Activision Blizzard nayo ikanunuliwa na Microsoft. Hatusemi kwamba biashara hiyo ni haramu. Twasema tu kwamba ng'ambo ya kioo kuna watu wenye akili ambao kazi yao ni sisi tusiweke simu chini, na yafaa mchezaji ajue anacheza na nani.

Uzilinganishe basi na bao. Katika bao mwenzako umemwona uso. Mchezo una mwisho, kwa maana kete zikikuishia mstari wa mbele umefungwa, unainuka, unampisha mwingine. Mpita njia akisema "Hodi, wazee," wote wanaitika, naye anakaribishwa, na dakika si nyingi anakuwa anawafundisha wachezaji namna ya kucheza. Mwenye shida akifika penye bao hueleza shida yake. Mabaraza mengi ya wazee yameanza na bao na yakaishia kwenye kusuluhisha ndoa.

Lakini tusiwe wepesi kusema kwamba mchezo wa zamani ni mwema na wa kisasa ni mbaya. Wako watu waliocheza bao mpaka mvua ikapita na shamba halijalimwa. Wako pia watunzi wa siku hizi wenye kiasi. Mwaka 2021 mtu mmoja aitwaye Josh Wardle alitoa mchezo wa maneno uitwao Wordle, aliomtungia mwenzi wake mpenda mafumbo. Mchezo huo hutoa fumbo jipya moja tu kwa siku. Ukilimaliza, hakuna jipya jingine mpaka kesho. Huo nao huchezwa kwenye simu, lakini umewekewa ukomo, kama mama anayefunika chungu watoto wakishashiba.

Wala tusiseme kwamba michezo hii haina faida hata kidogo. Mwaka 2009 mtaalamu Emily Holmes na wenzake wa Oxford waliwaonyesha watu filamu ya mambo ya kutisha, na baada ya nusu saa baadhi yao wakacheza Tetris. Wale waliocheza walijiwa na picha za kutisha mara chache zaidi katika juma lililofuata kuliko wale ambao hawakucheza. Kwa hiyo sisi tuliocheza ili tusilione kitanda tupu hatukuwa wajinga kabisa. Mchezo hutuliza. Dawa ya maumivu nayo hutuliza, wala hakuna anayemlaumu mgonjwa kwa kuinywa. Lakini mgonjwa akinywa dawa ya kutuliza kila usiku kwa miaka, asiende kamwe kumwona mganga, tutamwambia nini?

Hapo tulimkumbuka Blaise Pascal, mwanahesabu Mfaransa aliyekufa mwaka 1662. Yeye alifikiri kwamba mashaka mengi ya wanadamu hutokana na jambo moja, yaani hawawezi kukaa kimya chumbani peke yao. Hutafuta uwindaji, kamari na makelele ili wasiifikiri hali yao. Tulipoiweka simu chini kwa mara ya kwanza, tulisikia ukimya wa nyumba, nao ulikuwa mzito. Ndipo tulipolia kwa ajili ya mwenzetu kama ambavyo hatukulia siku ya maziko. Baada ya kulia tuliweza kusali. Kwa muda mrefu tulikuwa tumeyaacha maombi ya jioni bila kujua kwamba tumeyaacha.

Liko neno pia kwa wazazi na walimu. Augustino, mwana wa Afrika aliyezaliwa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, mwaka 354, aliungama kitabuni kwamba alipokuwa mtoto alipenda mchezo wa mpira kuliko masomo, akapigwa fimbo na walimu. Lakini akaongeza neno linalotuchoma, kwamba mambo ya ovyo ya watu wazima hupewa jina la shughuli, na yale ya watoto huadhibiwa. Sisi katika miaka yetu ya kazi tuliwachapa watoto waliocheza drafti kwa vizibo vya soda wakati wa kujisomea. Vizibo tulivitupa chooni. Leo wajukuu wa watoto wale wanaweza kutuuliza habari za peremende, na hatuna la kujibu. Mzazi anayemnyang'anya mtoto simu, kisha akaketi kuicheza mwenyewe, hajafundisha kiasi. Amefundisha kwamba mwenye nguvu ndiye anayecheza.

Basi jibu letu ni hili. Ubaya wa mchezo haupimwi kwa dakika peke yake, kwa maana saa moja ya bao na saa moja ya simu ni saa moja. Wala haupimwi kwa chombo, kwa maana simu ile ile iliyotuziba macho ndiyo tuliyoipiga wiki saba mpaka binti akarudi. Kipimo tulichokiona ni mlango. Mchezo mwema ni ule ambao jirani akibisha hodi unaweza kuuacha, ukainua macho, ukamtazama usoni. Usipoweza, mchezo huo umekwisha kuwa bwana wako, hata kama ni bao, hata kama ni mpira wa redioni, hata kama ni kazi ya kanisa. Mtakatifu Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba hata jambo lililo halali kwake hatakubali limtawale.

Na jirani habishi hodi mlangoni tu. Mke aliyeketi kando yako kimya naye anabisha. Mtoto anayekuonyesha daftari anabisha. Marehemu wetu ambaye hatujamlilia anabisha. Na Bwana mwenyewe, kama tusomavyo katika Ufunuo, husimama mlangoni akibisha. Tusidhani atavunja mlango. Yule mama mjane hakuuvunja wetu. Aliinuka kwa upole, akasema atakuja kesho.

Tena tunalo ombi kwa usharika wote. Ukisikia kwamba fulani hucheza simu usiku kucha, usianze na neno dhambi. Anza kwa kuuliza kama anaye mtu wa kucheza naye. Wako wajane, wagane, na vijana waliokuja hapa kutafuta kazi wasio na ndugu, ambao jioni ikifika hakuna awangojaye ila simu. Simu haichoki kuwangoja. Sisi je? Baada ya maziko tulikaa msibani siku zile za desturi, tukala, tukaondoka. Mwezi wa tatu nani alikwenda? Mama wa kijana wetu angemketisha mwanawe akamwuliza habari za siku yake, huenda angepata zaidi kuliko alivyopata kwa kumtisha na moto.

Sisi mchezo ule tumeufuta. Hatukuufuta kwa kuwa kila mtu imempasa kuufuta, bali kwa kuwa tumejijua. Wenye nguvu kuliko sisi na wacheze kidogo, wauweke chini, wamshukuru Mungu. Jioni sasa simu inakaa juu ya kabati, yenye sauti wazi ili anayetuhitaji atupate. Fundi mmoja ametuchongea bao. Mwanafunzi wetu yule, shemeji wa mama mjane, huja siku mbili kwa juma kucheza. Mara nyingi hutufunga. Binti naye huja kuuliza hesabu, na akija tunaziacha kete zilivyo, tunageuza kiti.

Kijana wetu wa kwaya, karibu jioni moja. Mlango uko wazi, nasi tutainua macho.